Ndoa za Arusha na Mtihani wa Marejeo

Zipo ndoa ambazo maisha yake yote ni kuagana na kupokeana. Wenzetu wa Visiwani wanazijua tangu kale: baharia aliyefuata kaskazi na kusi, na mvuvi aendaye dago akamwacha mke na watoto kwa majuma kadhaa. Mkoani Arusha, mahali pasipo na bahari, hali hiyo imeota mizizi vilevile. Dereva wa watalii huondoka kuelekea Ngorongoro na Serengeti. Mpagazi hupanda Meru au Kilimanjaro. Kijana wa Akheri au Ngaramtoni hukaa miezi Mirerani akitafuta tanzanaiti, jiwe lililogunduliwa mwaka 1967. Mke hubaki na migomba, kahawa, ng'ombe, watoto, na mara nyingi wakwe pia, kwa kuwa ardhi ya miteremko ya Meru imebanana na vihamba vimegawanywa kwa wana hadi vimekuwa vipande.

Wengi husema kwamba kinachozivunja ndoa za namna hii ni vishawishi vya njiani. Vishawishi vipo, na hatuna haja ya kuvikana. Lakini elimu ya nafsi yaelekeza jicho mahali pengine, yaani kwenye saa ya kurudi.

Elimu hiyo, ambayo leo inafundishwa ulimwenguni kote, ina chimbuko lake moja hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama 26 wa Kiganda pamoja na watoto wao wachanga 28. Aliona kwamba mtoto aliyetulia zaidi ni yule ambaye mama yake alimjua barabara, mama ambaye akiulizwa habari za mwanawe huzieleza kwa tafsili bila kusukumwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, aligundua jambo jingine: ukitaka kujua kifungo kilichopo kati ya mtoto na mama, usitazame tu anavyolia mama akiondoka, bali tazama anavyompokea akirudi. Yuko anayemkimbilia akatulizwa. Yuko anayegeuza uso kana kwamba hakuna aliyeingia. Yuko anayeng'ang'ania huku akipiga mateke. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, Hazan na Shaver, walionyesha kwamba mapenzi ya watu wazima nayo yaweza kusomwa kwa kipimo hicho hicho.

Na atazame mtu nyumba yoyote ya dereva, iwe Sakina au Usa River. Kwa siku kumi mke amekuwa mkuu wa nyumba: ameamua juu ya ada ya shule, amemwita mganga wa mifugo, amegombana na jirani kwa ajili ya mfereji. Mume aingia amechoka, mfukoni ana fedha na moyoni anangojea heshima. Aona mambo yameamuliwa bila yeye, na uso wa mke u baridi. Baridi hiyo mara nyingi ni woga wa mtu aliyekaa akingoja na hataki aonekane kuwa alingoja. Lakini mume huisoma kama dharau. Basi hutoka kwenda kwa rafiki zake, na mke naye hupata ushahidi wa lile aliloliogopa. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyesema neno la kweli. Tukiambiwa baadaye kwamba ugomvi ulikuwa wa fedha au wa mama mkwe, tusiharakishe kuamini.

Jadi za mlimani hazikuwa gizani juu ya haya. Mwingereza P. H. Gulliver, aliyekaa miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1963, alieleza jinsi magomvi yalivyomalizwa kwa mazungumzo ya pande mbili, kila mtu akisimamiwa na watu wa ukoo wake au wa rika lake, wala hapakuwa na hakimu wa kukata shauri. Msomaji wa Unguja au Pemba atakumbuka mara moja Sura ya An-Nisaa na agizo lake la kuleta mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo hutumika Tanzania Bara na si Zanzibar, ilichukua hekima ya namna hiyo ikaiweka kwenye kata. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, hapana shauri la talaka linaloweza kufika mahakamani bila mgogoro kupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mpango ni mwema. Hatari ni pale baraza linapojiona ni mlango wa kupitia tu, likapiga muhuri; au, vibaya zaidi, linapoona ushindi wake ni kumrudisha mke nyumbani kwa hali yoyote. Sheria hiyo hiyo yakataza mwenzi kumpiga mwenzake, na yahesabu ukatili wa nafsi pamoja na wa mwili kuwa ushahidi wa ndoa iliyovunjika. Mke mwenye majeraha asiambiwe habari za baridi na mapokezi. Huyo kwanza alindwe.

Kwa hao wengine, wajumbe wangeweza kuanza na swali jepesi: kila mmoja aeleze siku moja ya mwenzake, tangu alfajiri hadi usiku, ana kazi gani na ana hofu gani. Mume asiyejua mkewe hulala saa ngapi amekwisha kulipa baraza mahali pa kuanzia. Ili hayo yasemwe, wakuu wa wilaya na halmashauri wayapatie mabaraza chumba chenye mlango unaofungwa, na tarehe zipangwe kwa kufuata safari za watu, si kumwita mke mara tatu huku mumewe yuko Serengeti. Na ikiwa usuluhishi umeshindikana, hati inayokwenda mahakamani isiwe mstari mmoja wa kusema tumeshindwa. Sheria inataka ieleze baraza lilibaini nini.