Baridi Yabisi na Tabibu wa Kichina

Alfajiri katika Olenguruone, ukingoni mwa msitu wa Mau nchini Kenya, ambako ardhi imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hata jua lipate nguvu ya kuuondoa. Na wachumaji, waliojifunga plastiki kiunoni ili kujikinga na umande, huingia baina ya safu migongo imeinama, wakatoka humo adhuhuri magoti yameloa na vidole vimekufa ganzi. Waliokwisha kuingia makamo miongoni mwao hulalamikia viungo: goti halikunjuki asubuhi, kiuno chauma mvua ikikaribia. Maradhi hayo Kiswahili kimeyaita baridi yabisi.

Jina hilo lastahili kutazamwa. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu, nalo lilitufikia pamoja na ile elimu ya tiba ambayo Waarabu waliirithi kwa Wayunani wakaizidisha, wakazigawanya tabia za miili, vyakula na maradhi katika moto na baridi, rutuba na ukavu. Ndiyo sababu bibi wa pwani hata leo humkataza mwenye kikohozi maji ya madafu. Wachina nao, katika kitabu chao kikongwe cha Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, wameeleza kwamba viungo huuma pale upepo, baridi na unyevu vinapokutana mwilini, vikaziba mapito ya damu na ya ile nguvu ya uhai waiitayo qi. Mmoja anataja ukavu na mwingine anataja unyevu, lakini wote wawili, kabla ya kutoa dawa, humtazama mgonjwa pamoja na mahali anapokaa, anachokula na namna anavyolala.

Katika jambo hilo la mwisho ndipo naona fahari ya tabibu wa Kichina. Kanuni yake ya kumpokea mgonjwa ina mambo manne: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kisha kushika. Hutazama uso na mwendo, na zaidi ya vyote ulimi, rangi yake na utando wake; husikiliza sauti, pumzi na kikohozi; kisha huanza maswali ambayo mgonjwa wetu, aliyezoea kuulizwa panapouma tu, huenda akayastaajabia: Je, usingizi huja mapema, na ni saa ngapi unapokatika? Jasho lakutoka usiku? Ukiwa na kiu wataka maji ya moto au ya baridi? Choo chako kikoje? Mwishowe huweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kila kifundo cha mkono, akatulia kimya kitambo. Kwamba vidole hivyo vyaweza kusoma hali ya ini na figo, kama wasemavyo, sayansi haijathibitisha, nami siwezi kumshauri mtu aache kupimwa damu kwa ajili ya hayo. Lakini mama aliyeshuka mlimani tangu saa kumi na moja, akangoja folenini hata adhuhuri, kisha akapewa dakika tatu na vidonge vya maumivu, anajua thamani ya kuulizwa habari za usingizi wake.

Mawaidha ya kila siku ya tiba hiyo ni mepesi, na mengi hayamgharimu mtu kitu: kunywa maji ya moto, mazoea ya kale ambayo serikali ya China iliyatilia nguvu katika kampeni zake za usafi tangu 1952, kwa kuwa kuchemsha maji huua vijidudu; kuloweka miguu katika beseni la maji moto kabla ya kulala, kuvua nguo mbichi mara mtu afikapo nyumbani, kutumia tangawizi wakati wa baridi, kula kwa kadiri na kulala mapema. Wazee wa Olenguruone, Wakipsigis na Waogiek, hawangeona ugeni hapo, wao ambao huchemsha magome ya miti katika supu ya mbuzi kwa ajili ya viungo, na kuitunza asali ya msitu kuwa chakula na dawa. Hata vile vikombe ambavyo Mchina hubandika mgongoni vikavuta ngozi ni ndugu wa chuku letu la pwani, pembe ya kuumikia.

Sindano zake ni habari nyingine. Majaribio mengi yameonyesha kwamba hupunguza maumivu ya goti kwa kiasi, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo hupatikana hata zikichomwa mahali pasipohusika. Kwa hiyo naziheshimu bila ya kuzitukuza. Matabibu wa Kichina si wageni kwetu: kundi la kwanza lilifika Zanzibar mwaka 1964, na wenzao kutoka jimbo la Jiangsu wanapokezana huko mpaka sasa.

Zawadi yao kubwa, hata hivyo, ilitokana na kupima. Bibi Tu Youyou, mtafiti wa Kichina, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, alisoma katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba jamii moja ya pakanga hulowekwa majini na kukamuliwa, wala haichemshwi. Akatambua kuwa moto ndio ulioiharibu dawa, akaitoa kwa etha, akainywa mwenyewe mwaka 1972 kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya malaria ambayo mtu wa Olenguruone hupewa zahanati, arudipo na homa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria, imetokana na mmea huo.

Na lisilopimwa huua. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitangaza habari za wanawake walioharibika figo kwa kumeza mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene, iliyochanganyika na mmea wa aristolokia. Kwa hiyo goti lililovimba likawa la moto, tena pamoja na homa, lipelekwe hospitali siku ile ile, na mgonjwa ataje kila gome na kila unga alioutumia nyumbani. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imekwisha kuagiza pawe na utaratibu wa waganga wa tiba asili kuwapeleka wagonjwa wao hospitali, na mganga apewaye mgonjwa wa namna hiyo hana sababu ya kumweka.