Jino la Kupandikizwa na Mfupa wa Kuoteshwa: Muulize Daktari Kabla Hajakuwekea

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake wote.

Amma ba'ad,

Maswali tunayoyapata kuhusu meno ya kupandikizwa karibu yote yanahusu ile skurubu inayoingizwa kwenye taya: je, ni halali, je, udhu unasihi, je, mtu akifa inang'olewa? Hayo ni mepesi na tutayajibu. Lakini hivi karibuni ndugu mmoja ametuletea swali la aina nyingine. Alipandikizwa gego miaka miwili iliyopita, kazi ikaenda vizuri, anakula bila taabu. Kisha katika kupanga karatasi zake akaiona ile aliyopewa siku ya operesheni, akasoma kwamba utando aliofunikiwa mfupa umetokana na nguruwe. Hakuambiwa na yeye hakuuliza. Sasa anataka kujua kama swala zake za miaka miwili zimesihi, na kama inampasa arudi akachimbuliwe. Anasema tangu aisome karatasi ile hapati utulivu akisimama kuswali.

Tunatanguliza jibu, kisha maelezo yatafuata. Swala zake zimesihi, halipi hata moja, na hapaswi kuchimbua chochote. Ama yule ambaye bado hajawekewa, hukumu yake si hiyo. Yeye anatakiwa aulize kwanza.

Ili tufahamiane, ni lazima tujue kinachofanyika. Jino halijashikwa na ufizi tu kama wengi wanavyodhani. Mzizi wake umezama ndani ya mfupa wa taya, na mfupa ule unadumu kwa sababu ya jino. Kila unapotafuna, nguvu hupita kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa, nao huendelea kujijenga. Jino likishang'oka, mfupa wa pale hukosa kazi na huanza kupungua, na sehemu kubwa hupotea ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana utamuona mzee aliyepoteza meno yake zamani mashavu yameingia ndani na kidevu kimesogelea pua.

Skurubu yenyewe hutengenezwa kwa madini ya titaniamu. Habari yake ilianza Sweden mwaka 1952, pale Per-Ingvar Brånemark alipokuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kifaa cha titaniamu. Alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika, haukiachii. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza meno kwa njia hiyo, na yakamtumikia mgonjwa yule kwa miaka 40 hivi, hadi alipofariki. Leo kazi hii inafanyika dunia nzima. Skurubu inaingizwa, inaachwa kwa kawaida miezi mitatu hadi sita ili mfupa uishike, kisha jino linafungwa juu yake.

Ila skurubu inataka mfupa wa kuikamata. Aliyekaa na pengo miaka kumi huenda akaambiwa mfupa wake ni mwembamba, kwanza uoteshwe. Hapo daktari humimina chembechembe mahali palipopungua, kisha huzifunika kwa utando mwembamba. Chembechembe zile ni mfano wa fito katika nyumba ya udongo. Zenyewe si ukuta, ila mwili unakuja kujaza kati yake mfupa wake wenyewe. Na utando kazi yake ni kuizuia nyama ya ufizi, kwa sababu nyama hukua upesi kuliko mfupa, na ikiachiwa njia itaijaza nafasi yote. Baada ya wiki kadhaa au miezi utando huyeyuka wenyewe.

Sasa tuje kwenye hukumu. Kuhusu kurudisha kilichopotea mwilini, asili yake ni hadithi ya 'Arfajah bin As'ad (Radhiya Allaahu 'anhu), ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya al-Kulaab zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuamuru atengeneze ya dhahabu. Wameipokea Abu Daawuud, at-Tirmidhiy na an-Nasaaiy. Dhahabu ni haramu kwa mwanamme, na pamoja na hivyo aliruhusiwa kwa haja hiyo, na wanavyuoni wakalipima jino juu ya pua. Imaam Abu Haniifah aliona fedha inatosha kwa jino, na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan akaruhusu dhahabu. Titaniamu si dhahabu wala fedha, wala si najisi, basi khilafu ile haituhusu hapa kabisa.

Wala kuweka jino mahali pa lililong'oka si kubadilisha maumbile ya Allaah. Waliolaaniwa katika hadithi ni wanaochonga meno yao yaliyo mazima kwa ajili ya uzuri. Tunalisema hili kwa uwazi kwa sababu limeingia kwa vijana wetu, wake kwa waume: meno hayana ubaya wowote, yanasagwa ili yafunikwe meupe kama ya wasanii. Hilo ni jambo jingine kabisa na mlango wake ni ule wa makatazo. Hatutaki aliyepoteza jino kwa maradhi atiwe kapu moja na hao.

Kinachobaki ni zile chembechembe na ule utando. Hivi vina asili mbalimbali, na kila asili ina hukumu yake.

Kilicho bora kabisa ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni au nyuma ya magego ya mwisho, na kama unahitajika mwingi, kwenye nyonga. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kuhamisha kiungo kutoka sehemu ya mwili kwenda sehemu nyingine ya mwili huo huo ikiwa faida inazidi madhara. Madaktari nao wanausifu, kwa kuwa ni mfupa ulio hai. Uzito wake ni kwamba mgonjwa anapata vidonda viwili badala ya kimoja.

Vilivyotengenezwa kiwandani kwa madini ya chokaa na fosfeti havina tatizo lolote la sheria. Ni twahara.

Mfupa wa ng'ombe ndio unaotumika sana. Ng'ombe akiwa amechinjwa kisheria, mfupa wake ni twahara bila shaka. Akiwa hakuchinjwa kisheria, kwetu sisi Mashafii mfupa wa nyamafu ni najisi, lakini Mahanafi wanauona ni twahara, na ndiyo kauli aliyoichagua Ibn Taymiyyah. Zaidi ya hayo, mfupa huu hutolewa mafuta yote na protini kwa dawa na kwa moto, hata hubaki madini matupu. Kwa wanaosema najisi ikigeuka dhati yake inatwaharika, hapa wana hoja nzito. Kwa hiyo aliyekosa kingine tunamuona yumo ndani ya wasaa.

Mfupa wa maiti wa kibinadamu nao upo, hukaushwa na kuhifadhiwa katika benki za mifupa za nchi za nje. Mwanaadamu ni twahara akiwa hai na akiwa maiti, tatizo hapa ni heshima yake. Kikao kile kile cha 1988 kiliruhusu kuchukua kwa maiti pale uhai wa mtu, au kazi ya msingi ya mwili wake, inapotegemea hilo, na kwa idhini. Pengo la jino moja hatulioni kuwa limefika huko, na badali zipo. Tunamshauri Muislamu auache.

Nguruwe ndiye anayetokea zaidi kwenye utando, na hapa ndipo watu hunaswa, kwa sababu mtu huuliza habari ya mfupa akajibiwa "ng'ombe" akaridhika, na utando hakuutaja mtu. Je, tuseme umegeuka? Kongamano la fiqhi na tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 lilipokea hoja ya kugeuka dhati hata katika jelatini. Kabla yake, mwaka 1986, Baraza la Fiqhi lilikataa jelatini ya nguruwe katika chakula, likasema ya mimea na ya wanyama waliochinjwa inatosha. Sisi tunaona utando huu umesafishwa tu. Ile kolajeni ya ngozi ya nguruwe bado ni kolajeni, haikugeuka kitu kingine. Kwa hiyo unabaki katika asili yake ya najisi, na kujitibu kwa najisi hakuruhusiwi ila kikikosekana kilicho twahara kinachofanya kazi ile ile, kwa kauli ya daktari anayeaminika. Na hapa badali hazikosekani. Upo utando wa ng'ombe na upo uliotengenezwa kiwandani. Madaktari wengine huchukua damu kidogo ya mgonjwa, wakaizungusha kwenye mashine mpaka ikagande kama jeli, wakaibinya ikawa utando. Damu iliyotoka kwetu ni najisi, lakini hii ni yake mwenyewe na inarudi mwilini mwake kwa haja ya tiba, basi jambo lake ni jepesi kuliko la nguruwe. Udhaifu wake ni kuwa huyeyuka mapema, haufai kila mahali.

Basi muulize daktari wako maswali mawili, si moja: chembechembe ni za nini, na utando ni wa nini? Mwambie akuoneshe boksi. Ukikuta neno "porcine" maana yake ni nguruwe, "bovine" ni ng'ombe, "equine" ni farasi. Uliza siku ya mashauriano, sio siku ambayo umeshapigwa ganzi na mdomo uko wazi. Vifaa vingi huagizwa kutoka nje, na daktari akijua mapema anaweza kukuagizia kingine.

Ama aliyekwishawekewa bila kujua, mas-ala yake yamo katika vitabu vyetu tangu zamani. Imaam an-Nawawiy amelizungumza katika al-Minhaaj: mtu aliyeunga mfupa wake kwa kilicho najisi. Ikiwa hakupata kilicho twahara, ana udhuru na swala yake ni sahihi. Ikiwa alikipata akakiacha makusudi, anawajibika kukiondoa, ila akichelea madhara ya wazi. Na akifa, kauli sahihi ni kwamba hakiondolewi. Ndugu yetu hakuacha twahara makusudi, hakujua. Utando wenyewe umeshayeyuka, hakuna cha kutoa. Na hata ingekuwa ni chembechembe, zimeshashikana na mfupa wake, huwezi kuzitoa ila kwa kumvunja taya. Ni madhara gani yaliyo wazi kuliko hayo? Aswali na moyo wake utulie.

Yapo mambo madogo ya kumalizia. Anayevuta sigara, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mifupa yao huchelewa kuishika skurubu na mara nyingi kazi huharibika. Wasikilize daktari kabla ya kutoa pesa. Na pesa zenyewe si kidogo. Jino hili si wajibu kwa mtu, na asiyekuwa na uwezo meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yanamtosha. Kukopa kwa riba ili uweke gego hatulioni kuwa na udhuru.

Katika udhu na janaba, jino lililofungwa halitolewi, na maji yakipita juu yake yametosha. Kusukutua kwetu ni sunna katika vyote viwili, na hata kwa Mahanafi wanaokuwajibisha katika janaba, jino lisilotoka ni kama jino la asili.

Kuhusu funga, sindano ya ganzi haifunguzi, na Baraza la Fiqhi lilipitisha mwaka 1997 kwamba kutoboa jino na kuling'oa hakufunguzi maadamu mtu hakumeza kitu. Lakini operesheni hii ina maji na damu nyingi mdomoni, na kujizuia usimeze ni taabu. Kama haina haraka, iwekwe usiku au baada ya Ramadhani. Ikilazimika mchana na ukameza kwa kujua, lipa siku hiyo.

Wa Allaahu A'lam.