Sindano ya Ganzi Isiwe Kitisho

Mkulima wa Mgeta aliyejikata kwa panga huenda akateremka milima ya Uluguru hadi hospitali mjini Morogoro, na bado akaiogopa sindano ya ganzi kuliko jeraha lenyewe. Mfanyakazi wa mjini naye huahirisha kung'oa jino bovu mpaka shavu livimbe kwa usaha. Woga huo una sababu, lakini una dawa.

Lignokaini, dawa ya ganzi iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Uswidi mwaka 1943, ina asidi. Ndiyo maana huwasha inapoingia mwilini. Tabibu aweza kupunguza maumivu kwa kutumia sindano nyembamba, kuipasha dawa hadi ilingane na joto la mwili, na kuisukuma polepole. Katika jeraha safi, huchoma kupitia kingo zilizo wazi badala ya ngozi nzima.

Nawe unao wajibu. Mweleze tabibu iwapo ganzi iliwahi kukudhuru. Pumua taratibu. Subiri dakika chache dawa ikolee kabla ya kushonwa. Ukisikia makali, sema mara moja. Mtoto naye usimdanganye kwamba haiumi. Mwambie itauma kidogo, kisha itapita. Akidanganywa leo, kesho hataikubali hata chanjo.