Je, Wajua? Lenzi ya Jicho Haiachi Kukua

Nyarugusu, kama kwingine kwenye machimbo ya Geita, mtu akivuka miaka 40 na maandishi ya simu yakaanza kumkataa, lawama zinagawanywa haraka. Huyu atalaumu vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, yule moshi wa zebaki, mwingine miaka aliyokodoa macho kwenye tochi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Vumbi na zebaki ni hatari kweli, wala havistahili kutetewa. Ila kwa hili havihusiki. Mwalimu wa Kahama na mvuvi wa Chato, ambao hawajawahi kuponda jiwe, hufikwa na hali hiyohiyo katika umri uleule. Wataalamu huiita presibiopia, na chanzo chake ni lenzi ya jicho.

Lenzi iko nyuma ya mboni, imeshikiliwa pande zote na nyuzi nyembamba sana zilizofungwa kwenye msuli wenye umbo la pete. Wengi hudhani msuli ukikaza ndio unaoivuta lenzi. Ni kinyume: pete ikikaza inajifinya, nyuzi zinalegea, na lenzi iliyoachiwa inatuna yenyewe, nasi tunaona cha karibu. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza hilo mwaka 1855. Kwa hiyo nguvu ya msuli peke yake haitoshi. Lazima lenzi iwe laini.

Na ulaini ndio unaokwisha. Maisha yote lenzi huongeza tabaka jipya kwa nje, kama shina la mti, bila kutupa la zamani. Protini za kiini chake ziliundwa mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake, na hazibadilishwi mpaka anazikwa. Watafiti walitumia siri hiyo kukadiria umri wa papa wa Greenland: walipima kaboni katika kiini cha lenzi za macho yao, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba mkubwa kuliko wote alikuwa ameishi karibu karne nne. Matabaka yanaposongamana, lenzi inakuwa ngumu na haitutumki tena. Mtoto wa miaka 10 huona vizuri kitu kilicho sentimita 7 hivi kutoka jichoni. Mwenye miaka 40 anahitaji kama sentimita 25, mwenye 50 nusu mita, na mwenye 60 mita nzima. Mkono haufiki huko.

Mwanga nao huficha tatizo. Kwenye jua kali mboni hujifinya, na tundu dogo hunoa taswira. Ndiyo maana mama anayeosha mchanga mwaloni saa sita mchana huziona chembe ndani ya karai, kisha jioni, katika chumba cha mnunuzi chenye taa hafifu, 3 na 8 za mizani zinafanana. Dhahabu yake inapimwa mbele yake na hana uwezo wa kuhakiki. Anamwita kijana amsomee ujumbe wa malipo, na wakati mwingine anamtajia hata namba ya siri.

Presibiopia imeenea kuliko tunavyokiri. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wanayo. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa watu wa vijijini miwani ya kusomea, na baada ya miezi minane kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa karibu theluthi moja. Miongoni mwao walikuwamo mafundi cherehani na wafumaji, watu wa kazi za mikono kama za kwetu.

Tuache basi kudanganyana. Miwani haiharibu macho. Lenzi itakakamaa uvae usivae. Dawa za majani zinazotiwa jichoni hazilainishi lenzi, ila zinaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho. Na mzee wa miaka 65 anayeanza ghafla kusoma bila miwani asishangiliwe: mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza, apelekwe hospitali. Usukumani tunaijua gharama ya kutoelewa jicho la mzee. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni.

Linaloniuma ni kwamba miwani ya kusomea ni ya bei ndogo mno kupuuzwa hivi. Kambi za macho zinapokuja, hesabu inayotangazwa ni ya waliopasuliwa mtoto wa jicho, na hiyo ni kazi njema. Lakini fedha za wajibu kwa jamii zinazotoka migodini zikijenga madarasa na zahanati, haziwezi kushindwa kununua boksi la miwani ya kusomea kwa kila kata, pamoja na kumfundisha mhudumu mmoja wa afya namna ya kupima.

Katika kuchagua miwani, umri pekee hautoshi; pima umbali wa kazi yako. Karai hukaa mbali kuliko simu, kwa hiyo hutaka namba ndogo zaidi. Anza na +1.00 au +1.50, panda taratibu, na usichukue namba kubwa kwa kuamini kwamba ndiyo kali. Jicho likiuma, likiona giza pembeni au likishindwa kuona hata cha mbali, mwone mtaalamu. Na kwenye karasha vaa miwani ya usalama, kwani ya kusomea haizuii kipande cha jiwe.

Matumizi ya miwani ya kusomea je? Kusoma mizani, mkataba wa duara, kipimo cha dawa ya mtoto. Kutunga uzi, kuchambua mchele, kutoa mwiba, kuhesabu chenji, kusaini baada ya kusoma.