Kabla ya Kushuka Korongoni, Uliza Mvua ya Juu

Wengi wanaoulizia matembezi ya siku moja kuzunguka Mtito Andei huanza na viatu. Viatu vina nafasi yake, lakini si ya kwanza. Swali la kwanza ni hili: maji yaliyochimba korongo unalotaka kuingia yanatoka wapi, na huko yanakotoka mvua imenyesha lini?

Mji huu uko karibu katikati ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na tangu 2017 treni ya SGR husimama hapa, kwa hivyo kufika ni rahisi. Magharibi ya barabara kuna Tsavo Magharibi na, mbele kidogo, vilima vya Chyulu. Mashariki, mashamba ya Makueni hushuka taratibu hadi mto Athi. Ukivuka Athi umeingia Kitui, chini ya Uwanda wa Yatta, mkondo wa lava ulioganda zamani kwa urefu wa karibu kilomita 300. Kwa macho ya abiria ni nchi moja tu ya miiba, mibuyu na jua. Kwa mtu anayefuata maji, ni nchi mbili tofauti kabisa.

Chyulu ni milima michanga ya volkeno, na miamba yake ina matundu. Mvua ikinyesha juu hunywewa yote na ardhi, ndiyo maana huoni mto ukitiririka kwenye vilima hivyo. Maji hayo husafiri chini kwa chini na kuibukia Mzima, chemchemi inayotoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu yake hupelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Upande wa Athi mambo ni kinyume. Mwamba wa huko ni mkongwe na mgumu, udongo mwekundu juu yake ni haba, na ukipigwa na matone makubwa hufanya gamba. Maji hayana pa kuzama, basi hukimbilia mitoni. Mito hiyo hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, imejaa mchanga mweupe unaovutia kutembea, kisha hujaa kwa saa chache.

Ukambani hakuna haja ya kuhubiriwa habari hizi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa likivuka mto Enziu, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 walikufa. Enziu ni mto wa mchanga kama ile mingine, ambao miezi mingi watu huuvuka kwa miguu bila kufikiri. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu humwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi.

Ndani ya korongo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huna pa kukimbilia kando. Hell's Gate, karibu na Naivasha, imetuonyesha hivyo mara mbili. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta korongoni. Septemba 2019 wakafa wengine saba, miongoni mwao kiongozi mwenyeji wa pale pale. Hilo la kiongozi huwa nalirudia kwa wanaodhani kumlipa mwenyeji kunatosha. Mwenyeji analijua korongo; mvua iliyo nyuma ya kilima haioni, kama wewe usivyoiona. Kule Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa Agosti 1997 katika korongo la Antelope kwa dhoruba iliyonyesha kilomita kadhaa kutoka walipokuwa.

Kwa hivyo kazi ya kwanza hufanywa nyumbani, na ramani mkononi. Fuata mkondo kwenda juu hadi uone unaanzia wapi. Athi wenyewe huanzia kandokando ya Nairobi na kubeba maji ya mji huo, maana yake unaweza kufura hapa siku ambayo Mtito Andei haijapata tone. Kisha soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa kaunti zile za juu, si wa kaunti unayotembea tu. Asubuhi ya safari mpigie simu mtu aliye huko. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo mkulima wa huku huzitegemea zaidi, na ndizo mimi huziogopa zaidi. Za masika huja kati ya Machi na Mei. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, jua likiwa limepoa kidogo. Januari na Februari kukavu pia, ila joto lake ni la kuadhibu.

Ukishafika, soma kingo kabla ya kushuka. Tazama vichaka vya pembeni: majani makavu, matawi na mifuko ya plastiki iliyonasa juu huonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Nimeviona vimenasa juu zaidi ya kichwa changu mahali ambapo mchanga ulikuwa mkavu wa kuunguza. Kila baada ya mwendo kidogo, tafuta mahali pa kupandia na upakumbuke. Ukisikia mngurumo usioisha, au ukaona kijimaji cha kahawia kinachosukuma povu, vijiti na samadi, panda hapo hapo. Usirudi kuchukua begi.

Kuhusu mwendo, watu hujidanganya sana. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakakuta kutembea juu ya mchanga hutumia nguvu mara mbili na zaidi ya ardhi ngumu. Kama barabarani unakwenda kilomita tano kwa saa, mchangani panga mbili na nusu. Kilomita sita za kwenda na kurudi tayari ni karibu saa mbili na nusu za mwendo. Ondoka saa kumi na mbili, weka saa ya kugeuka, na ikifika geuka hata kama kona inayofuata ndiyo ile ya kwenye picha. Saa tano uwe kivulini. Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa kila saa kwa kila mtu, pamoja na kitu chenye chumvi, na ya akiba yabaki garini. Usitegemee kuchimba mchangani kama wafanyavyo wenyeji. Na ukikuta shimo lililochimbwa na ndovu, jua mwenyewe atarudi kunywa, ondoka.

Hilo linatuleta kwenye ruhusa. Ndani ya Tsavo hutembei utakavyo: kuna sehemu chache zilizotengwa kushuka garini, na kwingineko utahitaji askari mwenye silaha wa Huduma ya Wanyamapori Kenya (KWS). Malipo ni kwa eCitizen, si pesa taslimu. Nje ya hifadhi zungumza na mwenye shamba, na mchukue mwenyeji, kwa sababu mpaka wa hifadhi nyati hawausomi. Kingo za Athi zina mamba na viboko, na nyoka bafe hupenda kulala kwenye njia yenyewe. Hospitali kubwa ya karibu ni ya Makindu, mwendo wa saa nzima kwa gari, kwa hivyo gari lisubiri na dereva awe na namba ya hospitali.

Anayekwenda mara ya kwanza namshauri aanzie upande wa Chyulu: kreta ya Chaimu, au lava nyeusi ya Shetani iliyotoka ardhini karne ya 19. Kivuli hakuna kabisa, na mawe yake hukata soli nyembamba, hapa sasa ndipo viatu vinapohusu. Lakini mafuriko hayatakukuta juu ya lava. Makorongo ya Athi yasubiri Julai.