Mafuta yanayoinua plau



Mvua za kwanza zikikaribia hapa Lubumbashi, trakta zinatafutwa kuliko teksi siku ya soko. Tunazikodi kwa saa au kwa hekta, kwa feza tuliyochanga kidogo kidogo, na plau isipopanda, saa zinakwenda nasi tumesimama. Katika mashamba ya njia ya Kasenga na ya Kipushi neno hili limezoeleka: "Mama, hidroliki imekufa." Kisha inaombwa feza ya kutengeneza. Basi tujue kwanza hidroliki ni nini.

Ni mafuta yanayosukumwa ndani ya tiyo, si zaidi. Injini inazungusha pampu, pampu inavuta mafuta na kuyapeleka kwenye silinda, na silinda inainua mikono ya nyuma inayobeba plau. Mafuta hayabanwi kama upepo, na nguvu yake inatoka hapo. Tairi ya gari ndogo ina msukumo wa baa 2 hivi. Mafuta ya trakta yanaweza kupita baa 150, ndiyo karibu kilo 150 juu ya kila sentimeta ya mraba. Silinda yenye upana wa sentimeta 8 ina eneo la sentimeta za mraba 50 hivi. Zidisheni pamoja na watoto nyumbani: mtapata tani 7 na nusu.

Lakini pampu haina akili, inasukuma tu. Akili iko ndani ya vali. Ile kubwa mafundi wetu wanaiita distribiteri. Ndani yake mna kipande cha chuma kama mchi mdogo, chenye mifereji iliyochongwa, kinachoteleza ndani ya tundu lake. Shofere akivuta mkono wa kuinua, mchi unasogea na kufungua njia ya silinda: plau inapanda. Akisukuma, njia ya kurudi tanki inafunguka, na plau inashuka kwa uzito wake. Mkono ukiwa katikati, mafuta ya silinda yanafungiwa, plau inabaki juu. Nafasi kati ya mchi na tundu ni ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo mchanga kidogo unaoingia na mafuta unaweza kuukwamisha. Fundi anayemimina mafuta kutoka bidoni isiyo na kifuniko, tumkatalie.

Vali nyingine ni ya usalama. Inafanya kazi kama ile ya sufuria ya mvuke: mzigo ukizidi, ressori inakubali, mafuta yanarudi tanki badala ya kupasua tiyo. Wako watu wanaoikaza ili trakta "ipate nguvu". Nguvu hiyo ni ya kuvunja pampu.

Iko pia vali inayosikia uzito wa udongo, na sisi wa nchi ya vichuguu na visiki tungeijua zaidi. Zamani plau ikishika kizuizi, trakta iliweza kusimama kwa magurudumu ya nyuma na kumwangukia shofere. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, alitafuta dawa, na mwaka 1936 trakta zake zilianza kuuzwa zikiwa na hidroliki inayoinua plau kidogo yenyewe pale udongo unapokuwa mgumu. Trakta nyingi za leo zinafuata njia hiyo.

Sasa, plau isipopanda, tuanze na kisicho na bei: tuombe kuona kijiti cha kupimia mafuta. Kikundi chetu kimoja kiliwahi kuambiwa kichangie pampu mpya. Fundi mzee alipofika, akaongeza mafuta, na kazi ikaendelea. Mafuta meupe kama maziwa yana maji ndani, yabadilishwe. Plau inayopanda vizuri kisha kushuka polepole yenyewe, mafuta yanapenya mahali: labda mipira ya silinda imechakaa, labda distribiteri.

Jambo la mwisho linahusu mwili. Tiyo ikitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta yanaweza kupenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo, halitoki damu nyingi, lakini ndani nyama inaharibika, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Tusipapase tiyo kwa mkono. Tupitishe kipande cha kartoni. Aliyepigwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama haumwi, na daktari aambiwe ni mafuta ya hidroliki.

Na watoto wanaotuletea chakula shambani wasikae chini ya plau iliyoinuliwa, hata kwa ajili ya kivuli. Inashikiliwa na mafuta tu. Shofere akitaka kupumzika, alaze plau chini kwanza, kisha azime injini. Akisema hiyo inapoteza saa, tumjibu kwamba saa ni yetu, tumeilipa.