Jina, Kiambishi na Picha katika Hadithi za Kikosi cha Mashujaa: Mfano wa Wasomaji wa Busia na Malaba

Hadithi ya kikosi cha mashujaa wenye nguvu za ajabu, iliyogawanywa katika sura fupi na kutiwa picha kwa ajili ya watoto, ni utanzu mgeni kiasi katika fasihi andishi ya Kiswahili. Shujaa wa jadi alisimama peke yake. Fumo Liyongo wa pwani na Luanda Magere wa Wajaluo waliangamia pale siri ya udhaifu wao ilipofichuka. Kikosi huficha siri ya namna nyingine, yaani ni nani aliye nyuma ya kinyago. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoihifadhi siri hiyo, na jinsi majina ya watu wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, yanavyoweza kuitoa mapema.

Ni dhahiri kwamba kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakibagui mwanamke na mwanamume. Tazama mfano huu:

(1) Aliruka ukuta, akazima taa, akatoweka.

Mwandishi wa Kiingereza, akitumia kiwakilishi cha umoja kilichozoeleka, hulazimika kuchagua jinsia tangu neno la kwanza. Mwandishi wa Kiswahili halazimiki. Hasara yake ni kwamba vitendo vya wavulana na wasichana watano hubebwa na kiambishi kimoja, na mtoto huweza kupotea. Faida yake ni kwamba kinyago kimekwisha kufumwa ndani ya kitenzi chenyewe.

Katika mazingira ya Busia, mji wenye jina moja pande zote mbili za mpaka, na Malaba, ambako reli huvuka kuingia Uganda, mambo huwa tofauti. Miongoni mwa Wakhayo, Wamarachi na Wasamia, mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula na msichana Nafula. Wa wakati wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wajaluo wana Otieno na Atieno kwa waliozaliwa usiku. Katika Kiteso, nomino za kawaida nazo hubainisha jinsia kwa kiambishi awali: etelepat ni mvulana, apese ni msichana, na ikoku ni mtoto. Kwa hiyo msomaji wa huko huijua jinsia ya mhusika kwa kuona mwanzo wa jina tu. Jina la nyumbani likitajwa katika sura ya kwanza, siri imekwisha.

Njia ifaayo ni kumpa shujaa jina la kazi litokanalo na nomino ya kawaida, mathalani Radi. Linganisha:

(2) Radi ilipiga Malaba.
(3) Radi alipiga mbio hadi Malaba.

Upatanisho wa (2) ni wa ngeli ya kitu; ule wa (3) ni wa mtu. Mtoto anayesoma kwa makini hutambua kwa kiambishi kimoja tu kwamba hii si ngurumo ya mawingu. Baadaye ndipo jina Nafula litajwe, na picha ya uso ifuate. Picha ikitangulia, sentensi haina kazi tena.

Mifano ya karibu ipo. Shujaaz, jarida la picha lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 2010 kwa Sheng, lina kijana anayetangaza redioni huku akificha jina lake. Katika filamu za katuni za Super Sema za mwaka 2021, jina la msichana shujaa ni kitenzi cha kuamuru kisicho na jinsia. Adui yake, Tobor, ni mashine. Akisimuliwa kwa Kiswahili, mwandishi ataamua kama ni wa kusemwa kwa a-, kama wanyama wa ngano.

Jambo hili si dogo. Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika shule za Kenya mwaka 1985, nayo Uganda ilikitambua kikatiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa mpakani si lugha ya kwanza. Upatanisho wanaufahamu kama kanuni ya mtihani. Kitabu ambacho mwandishi na mchoraji wake wamepanga pamoja mahali pa kiambishi, jina na picha kitawaonyesha kwamba kanuni hiyo ina kazi ndani ya hadithi. Kitabu kilichofasiriwa bila mpango huo kitawaachia picha za kutazama tu.